Koti la Baba Kwenye Mgunga

Kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Nkende kuna mgono umekaa pembeni ya cherehani. Ndani yake natupia vipande vya vitambaa vilivyobaki. Wateja wakija kupimwa huuliza, hiki nacho ni kikapu gani, mbona kina mdomo ndani ya mdomo? Huwa nawajibu kwa mkato, kwa sababu nikianza kueleza sitamaliza, nguo za watu zitachelewa, na mdomo wangu mnaujua, mtu akinisema na mimi namsema. Lakini leo mvua imeshika tangu asubuhi, hakuna anayekuja, na mume wangu kapita hapa sasa hivi kachukua uzi mwekundu bila kuomba. Basi acha nieleze.

Mgono ni mtego wa samaki. Unasukwa kwa fito nyembamba na kamba, mpana mbele, mwembamba nyuma, na mdomoni kuna fito zilizochongwa zinazoelekea ndani. Kambare akifuata harufu ya chambo anapenya bila taabu. Kutoka sasa ndiyo shughuli. Baba yangu alikuwa akisuka migono yake nyuma ya zizi, amekaa juu ya gogo, na mimi binti yake wa mwisho ndiye niliyemshikia fito, kwa kuwa kaka zangu walikuwa na ng'ombe. Vidole vilijaa vibanzi. Nilikuwa nalalamika kutwa nzima, naye ananiambia, "Lalamika, ila usiachie."

Kwetu ni upande wa Ringwani. Ukitoka nyumbani ukashuka mashamba ya mihogo na mtama, unafika mahali mto Mara unapojikunja na kuacha maji yaliyotulia, yamezungukwa na matete. Mto wenyewe una mamba na viboko, hilo kila mtu analijua, lakini pale kwenye kona maji ni ya kifuani na mzee alikuwa anayajua kuliko alivyojua sebule yake. Ilikuwa kona yake tangu ujana. Alikuwa na migono sita humo. Kambare wa migono hiyo, tukiwabanika na kuwapeleka mnadani, ndio walionivisha sare za shule na kuninunulia cherehani hii ninayoiegemea sasa.

Wavuvi wengine wa mitego hufunga chupa tupu au kidumu kielee juu ya maji, ili wajue mtego uko wapi. Baba hakufunga hata jani. Alisema ukiweka alama umemwandikia mwizi barua. Migono yake yote ilikaa chini kabisa, kamba imefungwa kwenye vigingi vya mti vilivyopigiliwa chini ya maji, na mahali pake alipajua yeye kichwani. Yeye na mimi. Wa kwanza, hatua kumi na mbili kutoka kwenye mgunga. Wa pili, pale tete refu linapolala. Hata leo nikifumba macho naweza kuitaja mmoja mmoja, na nikiitaja nasikia harufu ya tope lile, na moyo unaniuma kidogo.

Jambo jingine mlijue mapema, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Baba aliingia majini uchi. Hakulionea aibu wala hakulifikiria. Nguo ikilowa asubuhi ya baridi unavaa nini? Alifika kona kabla jua halijatoka, akavua vyote, akatundika koti lake jeusi la mitumba kwenye tawi la mgunga, akaingia. Mimi tangu nianze kupata akili niliachwa juu, kwenye kichuguu, nimegeukia mashamba. Nilimsikia tu akiguna na maji yakipiga. Akitoka na kuvaa alikohoa mara mbili, ndipo nikashuka kubeba samaki.

Basi nikaolewa.

Mume wangu ni Mkurya mwenzetu, lakini kwao ni upande wa Kenya, ukishavuka Sirari. Ni fundi wa redio na simu hapa mjini. Mtu mpole, mcheshi, hana makuu, ila ana ugonjwa mmoja: ndoano. Ana fimbo ya kuvulia ya kukunja, ana kijisanduku kimejaa visamaki vya bati vinavyong'aa, vya chambo, ana kofia yake maalumu. Jumamosi ikifika yeye na rafiki zake wawili wanapanda pikipiki kwenda kutafuta maji. Siku ya kwanza aliponichukua niende kumtazama alivua kambare mkubwa, nikaanza kuwaza nyanya na vitunguu. Akampapasa mgongoni, akamshukuru, akamrudisha majini. Jamani! Nilimtazama kama mtu aliyeona mwehu.

Nilipomweleza baba, hakunielewa kabisa.

"Anavua kwa kujifurahisha, tata," nilimwambia.

"Anajifurahisha na nani?"

"Na samaki."

Akafikiri. "Na samaki naye anafurahi?"

"Sijui. Anamrudisha."

"Anamtoboa mdomo, anamvuta, anamtazama, halafu anamwambia nenda nyumbani?" Baba alitema ugoro. "Mama, ng'ombe zile nilizopokea, mtu huyu ana akili timamu?"

Tulicheka siku hiyo. Kicheko kiliisha miezi michache baadaye, pale mume wangu alipoambiwa na mtu barabarani kwamba kuna kona moja tulivu upande wa Ringwani, kambare wamejaa. Hakujua ni kona ya nani. Mimi nilikuwa namjulisha habari za baba, za ng'ombe, za ukoo mzima, lakini kona ile sikuwahi kuitaja, kwa sababu tangu utoto nilifundishwa haitajwi. Akaenda. Akarusha bati lake. Likanasa. Akavuta, akavuta kwa nguvu za kifundi, uzi ukakatika. Aliporudi alinisimulia kwamba kuna gogo baya sana chini pale limemla kisamaki chake kizuri kuliko vyote. Nikampa pole, mjinga mimi.

Siku ya tatu baba akafika Nkende. Alikuja kwa bodaboda, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi kashika kopo la maziwa ya unga. Shikamoo yangu aliipokea bila kunitazama. Akakaa kwenye kiti cha ndani, akafungua kopo, akatoa kisamaki cha bati chenye ndoano tatu na kipande cha fito kilichovunjika.

"Mgono wa tatu umeng'olewa mkia," alisema. "Samaki wote wamekwenda. Hiki kilikuwa kimening'inia."

Nililitambua lile bati mara moja. Mume wangu alikuwa barazani, hatua nne tu, anatengeneza redio. Kati yao kulikuwa na pazia. Na kwa baba yangu, mtu wa desturi za zamani, pazia lile lilikuwa zito kuliko ukuta. Kwetu mkwe anaheshimiwa mpaka inachosha. Hawakupeana mikono, hawakuketi kiti kimoja, hawakula pamoja, na neno zito hawakuambiana uso kwa uso. Kumwona mkwe wako uchi, hilo sasa ni jambo la kuita wazee na kuchinja mbuzi, na hata mbuzi akishaliwa mnabaki mnakwepana maisha yenu yote. Kwa hiyo baba hakuweza kutoka kwenda barazani kumgombeza. Ilibidi anigombeze mimi, kwa sauti ya kusikika barazani.

"Mwambie mwenye bati hili," alisema, "mto ule ama uwe wangu, ama uwe wake. Akirusha tena takataka zake pale, nang'oa migono yote naichoma moto. Na nyumba hii sitaikanyaga tena."

Alikuwa hatanii. Baba akishasema hivyo, anafanya hata kama kinamuumiza yeye. Nikaona mbele yangu: mzee bila mto wake, amekaa tu nyumbani anazeeka, na mimi sina baba wa kunitembelea, yote kwa ajili ya burudani ya Jumamosi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua. Nikatoka kwenda barazani.

"Baba anasema..."

"Nimesikia," mume wangu akanong'ona. Kisha akapandisha sauti kidogo, na yeye ana kiburi chake cha chinichini. "Mwambie mzee mimi sikujua kuna mitego, haina alama. Na pia mto ni ya Mungu, bana."

Nikarudi ndani. "Anasema anaomba msamaha sana, hakujua."

"Sikumsikia akiomba msamaha," alisema baba. "Nimesikia habari za Mungu."

Nikatoka tena, nikarudi tena. Mara ya nne au ya tano nilisimama katikati, pazia nimelishika mkononi, na hasira zikanipanda. Nikawawakia wote wawili. Niliwaambia, ninyi mnasikiana vizuri kabisa, mimi si redio ya kutengenezwa barazani, nina nguo ya bibi harusi haijapigwa pindo, na kama ni kugawana mto nitawagawia mimi, na asiyetaka aende akakae na kiboko! Hata redio ilinyamaza. Baadaye mume wangu alikiri kwamba aliizima yeye kwa woga.

Nikawagawia. Asubuhi ni ya baba. Koti likiwa kwenye mgunga, mwenye ndoano haruhusiwi kushuka kupita kile kichuguu, hata iweje. Baba akimaliza, akavaa na kuondoka, mgunga ukabaki mtupu, basi maji ni ya mwenye ndoano mpaka jioni. Na ili asinase tena, nitafunga uzi mwekundu kwenye matete ya ukingoni, kila uzi umeelekea mgono mmoja, fundo dogo ambalo mwizi hatalitambua na mume wangu ataonyeshwa maana yake.

Hapo kwenye uzi baba aligoma. Alisema namwonyesha mtu baki mlango wa ghala lake. Mimi nikasema si mtu baki, ng'ombe zake ziko zizini kwako zinakunywa maji. Akaligeuzageuza lile bati mkononi.

"Funga mitano," alisema mwisho. "Wa sita niachie mwenyewe."

Nikafunga mitano. Mume wangu hakujua kama upo wa sita, na mimi sikumwambia, ingawa nalala naye kitanda kimoja. Lile bati baba aliondoka nalo, alisema ni ushahidi.

Loo, miaka ile! Nikiikumbuka natamani niirudishe nyuma kama mkanda. Wale rafiki wawili wa mume wangu nao wakaishika kanuni, na wenye mitego wengine waliokuwa chini zaidi ya kona wakaanza kutundika mashati yao juu ya miti wanapoingia majini. Ukipita asubuhi unaona shati hapa, kaptula pale, utadhani ni siku ya kufua. Wenye ndoano wanasubiri juu na chai yao ya chupa. Shati likishuka, wanashuka. Ugomvi wa nyuzi na kamba ukaisha bila mkutano wala mwenyekiti.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kilianza kwa siri. Baba akaanza kuliacha koti kwenye mgunga kwa makusudi dakika chache, akiwa tayari amevaa na amesimama mbali, akimwachia mkwe wake kitu mfukoni. Mara ya kwanza ilikuwa minyoo iliyofungwa kwenye jani la mgomba, minene, ya kutoka kwenye samadi. Akakohoa mara mbili, ndiyo ruhusa ya kushuka koti likiwa bado juu, akaenda kukaa nyuma ya matete. Mume wangu akashuka akaikuta. Jumamosi iliyofuata aliweka humo betri mbili za tochi. Baba akaweka kipande cha kambare wa kubanikwa. Mume wangu akaweka ugoro wa Sirari, ule mkali. Walizungumza hivyo, kupitia mfuko wa koti, na sidhani kama kwa miaka yote hiyo waliambiana maneno zaidi ya shikamoo na marahaba, tena ya mbali. Mume wangu akirudi nyumbani ananiambia, "Leo mzee amefurahi." Umejuaje? "Minyoo ilikuwa mingi." Na baba akinipigia simu ananiuliza, "Huyo mtu wako anaumwa? Betri aliyoleta imetumika." Nilikuwa natukana huku nacheka.

Nasema yote haya ili mjue hali ilivyokuwa ile Jumamosi.

Nilikuwa hapa hapa kibandani, mkasi mkononi, simu ikalia. Kwenye kona ile mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, kwa hiyo nilijua kapanda.

"Koti bado iko juu," alisema mume wangu.

Nikatazama saa ukutani. Saa nne kasoro. Kwa kawaida saa mbili mzee keshamaliza. Nikamuuliza kama kapiga mluzi. Alisema kapiga mara tatu, hajibiwi. Nikawaza, labda kalisahau koti, mzee siku hizi anasahau. Labda yuko nyumbani anakunywa uji. Nikasema, subiri kidogo.

Nisikilizeni, hilo neno "subiri kidogo" limenikaa kooni mpaka leo. Nililisema kwa sababu ya nini? Kwa sababu kichwani nilimwona baba ametoka kwenye maji, na mkwe wake kasimama mbele yake, na kila kitu tulichokijenga kwa betri na minyoo kimevunjika asubuhi moja. Niliogopa aibu kabla sijaogopa kifo. Nikampigia jirani yetu wa Ringwani akaangalie nyumbani. Jirani akapita, akarudi, akanipigia: hayupo, mlango umefungwa kwa kamba tangu alfajiri.

Saa tano simu ikalia tena. Mume wangu alikuwa anahema.

"Bado iko juu," alisema. "Sasa nifanye nini? Niambie wewe. Ni baba yako."

"Shuka," nikasema. "Shuka sasa hivi! Laana ikija ije kwangu!"

Alikata. Nilikaa chini, kwenye vipande vya vitambaa, na sijui nilikaa muda gani. Yaliyotokea nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa bahati wamesimulia sawasawa.

Baba alikuwa majini tangu alfajiri. Mguu wa kulia ulizama katikati ya mizizi, akajipinda kuutoa, nyonga ikateguka. Alishika kigingi cha mgono wa nne akasimama hivyo, maji kifuani, saa baada ya saa, akitetemeka. Na sikilizeni hili: alisikia mluzi. Alisikia yote mitatu. Alijua ni nani. Hakuitika. Alikuwa anaomba Mungu apite mchunga ng'ombe, apite yeyote, ila si mkwe wake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuita, alinishangaa. "Ningemwita vipi, mama? Nilikuwa uchi."

Mume wangu alishuka mpaka kwenye mgunga, akalivaa lile koti la baba kinyume, mgongo upande wa mbele, ili awe na cha kumfunika mzee. Akayapa maji mgongo. Kisha akaingia mtoni akirudi nyuma, hatua kwa hatua, uso umetazama ukingoni, huku anasema kwa sauti, "Ni mimi, baba mkwe. Sioni kitu. Sema nije upande gani."

Akaendelea kurudi nyuma, maji yakampanda kiunoni.

Ndipo baba akasema. Kwa mara ya kwanza akamsemesha moja kwa moja, bila pazia, bila mimi, akamwita mura, kama kijana wake.

"Kushoto, mura. Taratibu. Hapo nyuma yako kuna mgono."

Mume wangu akasimama. "Lakini uzi ziko tano," akasema, "na hapa hakuna uzi."

"Ni wa sita," alisema baba. "Zunguka."

Akauzunguka. Akafika, akainama, akapapasa nyuma kwa mikono mpaka akaupata ule mguu, akaunasua kwenye mizizi bila kugeuza shingo. Baba akamshika mabega. Akambeba mgongoni kama mtoto mchanga, akatembea naye mpaka nchi kavu, macho yake mbele. Alimlaza chini ya mgunga, akavua koti, akalirusha nyuma juu yake, akasubiri. Baba akajifunika. Akakohoa mara mbili. Basi mume wangu akageuka.

Nilipofika Ringwani mchana nilimkuta mzee kalazwa karibu na moto, kafunikwa mablanketi matatu, midomo ya kijivu. Mume wangu kakaa nje, nyuma ya ukuta. Nililia, nikawatukana wote, nikalia tena. Baba akaniita karibu.

"Muulize," alisema kwa sauti ndogo, "aliona?"

Nikafungua mdomo nimuulize, lakini mume wangu akawahi kujibu kutoka kule nje. "Mwambie mzee niliona mgunga na kichuguu. Hakuna kingine."

Baba akafumba macho. Mbuzi hakuchinjwa. Wazee wawili walikuja, wakasikiliza jinsi alivyoingia akirudi nyuma, wakatazamana, wakasema hakuna cha kusafisha hapo, wapewe uji waende zao.

Nyonga haikupona sawasawa. Alitembea na fimbo, na maji akakatazwa. Nilidhani hapo ndipo atakapokwisha. Migono ilikuwa bado mtoni, na nani atainua? Jumamosi iliyofuata mume wangu akaamka mapema kuliko kawaida, akaenda, akavua nguo, akatundika shati lake kwenye mgunga, akaingia. Mtu aliyekuwa akiwarudisha samaki akawa anawatoa sita, saba kwa asubuhi na kuwapeleka kwenye kichanja cha mzee cha kubanikia. Na baba sasa ndiye aliyekaa juu kwenye kichuguu, akisubiri shati lishuke, akilalamika kwamba mkwe wake anachelewa.

Shati likishuka, mzee alishuka polepole na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda ukingoni. Siku moja mume wangu alimwachia fimbo ya kuvulia imeegemezwa kwenye mgunga. Kwenye uzi wa ile fimbo, nilipokwenda kumwangalia juma lililofuata, nilikuta kimefungwa kile kisamaki cha bati, cha kwenye kopo la maziwa. Ushahidi.

Siku hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Mume wangu alikuwa kapeleka samaki juu. Nilikaa karibu na kigoda, nasuka fito za mgono huu mnaouona hapa, ndio wa mwisho tuliosuka pamoja, na vidole vyangu vya mjini vilijaa vibanzi upya. Uzi ukavutwa. Baba alishtuka kama amepigwa na umeme. Alivuta huku anacheka, anatukana kwa Kikurya, mguu mbovu umesahaulika, mpaka kambare akatoka, mkubwa, masharubu haya, akipiga mkia kwenye majani. Nikasogeza kikapu.

Baba hakumweka kikapuni. Alimtoa ndoano taratibu kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Akampapasa mgongoni. Akanitazama, akatazama juu kwenye kichuguu kama kuna mtu, kisha akainama, akamrudisha majini. Tukamwona akienda.

"Usimwambie mkwe wangu," alisema.

Sikumwambia. Nina mdomo, ndiyo, lakini hilo nililifungia. Baba aliishi mvua mbili baada ya hapo, akaondoka kwa homa, nyumbani kwake, kitandani, na koti lake limetundikwa ukutani.

Siku ya tatu ya matanga mume wangu alikuwa amekaa peke yake nyuma ya zizi, kwenye lile gogo. Hakuwa amelia tangu mwanzo. Nikakaa kando yake, nikamsimulia habari ya yule kambare, jinsi mzee alivyompapasa, jinsi alivyotazama juu kuhakikisha haonekani. Akacheka mpaka waombolezaji wakageuka kututazama. Akacheka mpaka kicheko kikakatika, akajifunika uso na kofia yake ya kuvulia, mabega yakawa yanaruka. Nikamshika mgongo, ule uliombeba baba yangu.

Alipotulia alijifuta pua.

"Alikuwa mkubwa?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa mkubwa.